Msikilizaji wa Kwanza wa Mashaka

Shomari wa Vihingo hakuwa mtu wa ngoma. Ngoma ilipolia upande wa pili wa kijiji na majirani wakapita mbele ya nyumba yake wakikimbilia huko, yeye alibaki barazani akichambua sandarusi yake, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, punje safi huku, zenye mchanga kule. Waliomwita aliwajibu bila kuinua macho: "Mkishajaa wote pale, mimi nitasikiliza nini? Jasho lenu?" Watu walicheka, wakamhesabu kuwa mtu mkavu. Hawakujua kwamba alikuwa na ngoma yake mwenyewe, nayo ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto Ruvu, katika mashamba ya mpunga ya Dutumi.

Aliigundua mwaka ule nzige walipoanza kupungua. Kila mavuno alichukua chumvi na samaki wakavu wa ng'onda, akavuka kwenda kubadilisha kwa mpunga. Na mchana mmoja, akipita kando ya shamba, akasikia zeze likilia juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Aliyelipiga alikuwa kijana mwembamba aitwaye Mashaka, aliyewekwa pale na wajomba zake kuamia ndege wasile mpunga. Alikuwa akipiga huku ndege wakila. Wajomba walimwita mvivu, na mama yake alikwisha kumwambia kwamba zeze halijapata kumwozesha mtu mke. Shomari alitua mzigo wake, akakaa chini ya dungu hadi jua likageuka.

Walipoulizana koo zao, wakajikuta ni watani.

"Ndiyo maana zeze lako linalia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani," Shomari akasema.

"Na ndiyo maana umekaa kulisikiliza," Mashaka akajibu kutoka juu. "Umesikia sauti ya nduguyo."

Utani una sheria zake, na wenyeji wa pande zote mbili walizijua tangu utotoni. Mtani haalikwi, akitokea harusini au matangani, hafukuzwi. Humtukana mwenziwe mbele ya watu, na mwenziwe hana ruhusa ya kukasirika. Anaweza hata kunyakua kitu chake, kofia, jembe au kuku, akakikalia mpaka mwenyewe akikomboe kwa kitu kidogo ambacho mnyakuzi amekitaja, na hapo watu hucheka na mambo huishia.

Kwa miaka kadhaa Shomari alikuwa msikilizaji pekee wa zeze lile. Akirudi Vihingo alimsifu Mashaka kwa majirani, lakini alimsifu kwa namna isiyomfanya mtu atamani kumfuata. Aliposema, "Ninyi hamwezi kuelewa," alikuwa akilalamika, na wakati huohuo akijipongeza. Kama alilipenda zeze, au alipenda kuwa mtu pekee aliyelipenda, ni vigumu kumwamulia. Huenda mapenzi ya namna hizo mbili yalikuwa yamesokotwa pamoja kama nyuzi za kamba, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuzifumua.

Kisha Biasha, mkewe, akafariki, akamwachia binti mdogo, Mwanaamina. Baada ya arobaini Shomari alivuka tena kwenda Dutumi, kwa kuwa nyumba haikuwa na chakula. Alikaa chini ya dungu, akasema tu, "Biasha ametangulia." Mashaka alivuta upinde, akapiga mahadhi ambayo Shomari hakuwahi kuyasikia, ya polepole, yenye kupanda mahali ambapo sikio lilitarajia yashuke. Mtu mzima yule alilia pale, mbele ya mpunga wa watu. Tangu siku ile aliyaita mahadhi hayo, moyoni mwake, ya Biasha. Hakumwambia yeyote, hata Mashaka hakumwambia. Alidhani Mashaka anajua.

Vita vya Hitla vilipokuwa vikipamba moto huko Ulaya, Mashaka alipigia harusi moja Mlandizi, kwa bahati tu, wapiga matari walipochelewa. Baada ya hapo hakurudi tena juu ya dungu. Aliitwa Ruvu stesheni, akaitwa Kisarawe, akaitwa hata vitongoji vya Dar es Salaam. Wajomba zake walianza kusema kwamba wao ndio waliomlea katika sanaa.

Habari hizo zilimfikia Shomari kwa njia iliyomchoma kuliko zote. Jirani yake Pazi, ambaye alikuwa akipiga miayo kila alipotajiwa jina la Mashaka, alikuja mbio kutoka Kisarawe, akapanda barazani bila hata kubisha hodi.

"Shomari! Kuna Mkwere mmoja wa Dutumi anapiga zeze, sijapata kuona! Umepitwa, ndugu yangu."

"Namjua."

"Humjui. Ungemjua usingekuwa umekaa hapa na mchanga wako."

"Pazi, nilikutajia mtu huyo kabla binti yangu hajaota meno."

Pazi alimtazama kwa huruma. "Kila mtu siku hizi anasema alimjua zamani," akasema.

Kuanzia hapo Shomari akaanza kuona kasoro. Zamani, alisema, Mashaka alifunga nyuzi za mkonge, zenye kukwaruza kidogo na kugusa mfupa. Sasa amefunga waya wa dukani, na zeze limekuwa na sauti ya mlango wa duka la Mhindi. Zamani alifumba macho akipiga. Sasa anatazama watu. Kwa muda alijitafutia hata mpigaji mwingine, Abdala wa Kurui, mzee mmoja aliyepotea katikati ya kila wimbo, na akawa akisema kwa watu kwamba huyo ndiye fundi. Ila watu wawili watatu walipomwamini wakaenda kumsikiliza Abdala, Shomari akaacha kwenda.

Hayo yote yangeweza kupita. Lakini siku moja, akiwa sokoni Mlandizi, aliwasikia wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wakiimba mahadhi ya Biasha. Walikuwa wameyaharakisha ili yachezeke, wakayatia maneno ya kuomba sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa haionekani madukani miezi ile. Pale palipopaswa kupanda wao walishuka, wakapiga vigelegele. Shomari alisimama na kikapu mkononi mpaka mmoja wao akamwuliza, "Baba, unataka mchele au unataka kucheza?" Aliondoka bila kununua. Njia nzima alijisemea kwamba amechukizwa na ujinga wa watu wale. Lakini haikuwa chuki. Alikuwa anawaonea wivu: walikuwa nao wimbo, walikuwa wengi, na hawakulazimika kumzika mtu ili waupate.

Ndipo ikaja harusi ya Mwanaamina. Aliposwa na Husseini, kijana wa Kurui, na mambo yote ya harusi yalikuwa mikononi mwa shangazi yake, Mwanamkuu, dada mkubwa wa Shomari, mwanamke ambaye sauti yake ilifika kisimani kabla yake.

"Shomari, watu wa Kurui wameulizia zeze."

"Waambie kuna matari, dada."

"Matari yako kila harusi."

"Na zeze je? Siku hizi hakuna harusi lisipokuwapo. Limekuwa mchicha."

"Mtoto analitaka."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwali hasemi. Ndiyo maana ana shangazi." Mwanamkuu alikaa chini, akanyoosha miguu. "Hebu nieleze, maana mimi sikwenda chuoni. Miaka na miaka umetuchosha na Mashaka, Mashaka. Sasa tumekubali, umenuna. Ulitaka tukatae mpaka lini?"

Shomari angeweza kumwambia habari ya Biasha, na huenda dada yake angenyamaza, na huenda angelia. Lakini kumwambia kungekuwa kumgawia, na alikuwa amebakiwa na kidogo sana cha kugawa. Akasema tu kwamba yeye ndiye baba, na zeze halitaitwa.

Halikuitwa. Mwanamkuu alimpelekea Mashaka salamu za heri, akamtajia siku, basi. Mtani hahitaji zaidi ya hapo.

Mashaka alifika alasiri, nikahi imekwisha fungwa, uwanja umejaa. Alikuwa amenenepa kidogo, na kofia yake ilikuwa mpya. Watu walimzunguka. Shomari alisimama, akajua kwamba lugha pekee anayoruhusiwa ni ile ya utani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nani kamwita huyu? Mwamia ndege aliyeshindwa na ndege!"

Uwanja ukacheka. "Mtani, shikamoo, na pole kwa kilio chako!" Mashaka akajibu. "Nimekuja kuona baba gani anamtoa binti kwa uso wa mtu aliyemeza shubiri."

"Umeanza lini kula kwa watu bila kualikwa? Dungu limekuangusha?"

"Dungu liliniangusha siku ulipokaa chini yake, lilikuona likaogopa!"

Watu walishika mbavu. Hakuna aliyesikia kwamba Shomari hakuwa anatania. Mashaka alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akavuta upinde, na cha kwanza alichopiga kilikuwa mahadhi ya Biasha. Uwanja mzima ukainuka. Pazi alikuwa mbele, mikono juu, akiomba sukari.

Shomari alipita katikati yao, akalinyakua zeze kutoka mikononi mwa mwenyewe.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. "Kalinyakua! Kalinyakua!" Walijua kinachofuata. "Taja ukombozi, Shomari!" mmoja akapaza sauti. "Mtake jogoo!" "Mtake hiyo kofia!" Mashaka mwenyewe aliivua kofia, akamnyooshea kwa heshima ya uongo. Shomari hakutaja kitu. Aligeuka, akaingia nyumbani mwake na zeze, akafunga mlango. Watu waliendelea kucheka kwa muda, wakingoja atokee dirishani na neno la kuchekesha. Kisha wakacheka wachache. Kisha Mwanamkuu akasema, "Pigeni matari basi, mnangoja nini?" na wapiga matari wakaanza, bila moto.

Baadaye Mashaka alibisha kwa mlango wa uani, akafunguliwa. Sheria ya utani ilimnyima hata nafasi ya kukasirika, naye alikaa chini, mikono mitupu juu ya magoti.

"Mtani, taja ukombozi. Mwanao yumo ndani anasikia kimya."

"Yale mahadhi usiyapige tena," Shomari akasema. "Si hapa, si Mlandizi. Popote."

"Mahadhi yapi?"

"Yale uliyoyapiga sasa hivi."

"Ya sukari?"

"Yale ya Biasha! Uliyonipigia baada ya arobaini!"

Mashaka alikunja uso akifikiri, na alikuwa anafikiri kweli. "Nakumbuka ulikuja," akasema pole pole. "Nakumbuka ulilia, nami sikujua la kusema. Nilichopiga siwezi kukumbuka, mtani. Nilipiga kilichokuwa mkononi." Akalitazama zeze. "Lakini kama ndiyo hayo, ni yako. Sitayapiga tena. Nina mengine mengi."

Alilisema kwa wema, na pengine hilo ndilo lililoumiza: kwamba kitu kile kiliweza kutolewa kirahisi hivyo. Shomari alimrudishia zeze. Mashaka alirudi uwanjani, akapiga nyimbo nyingine mpaka jua likazama, na Mwanaamina akapelekwa Kurui bila mahadhi ya mama yake, ambayo hakujua kwamba ni ya mama yake.

Mashaka alitimiza neno. Watu walipoyaomba yale ya sukari, alitikisa kichwa, akapiga mengine, na baada ya mwaka mmoja hawakuyaomba tena. Sukari ilirudi madukani, na wapenda harusi wakapata nyimbo mpya za kuzichoka. Shomari alikuwa amepata alichokitaka. Barazani, akichambua sandarusi, aliyaimba moyoni, na kwa muda aliona raha ya mtu aliyerudishiwa mali yake. Kisha akagundua kwamba mahali pale pa kupanda pameanza kumtoka. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Sikio lilikumbuka kwamba pana kitu pale, lakini halikukumbuka ni kitu gani. Mtu mmoja tu angeweza kumkumbusha, na mtu huyo alikuwa amefungwa na ahadi. Isitoshe, hata kabla ya ahadi, hakuwa akikumbuka alichopiga siku ile.

Alipokwenda Kurui kumwona mjukuu, alimkuta Mwanaamina uani, amempakata mtoto, anamwimbia. Shomari alisimama penye ua wa makuti. Binti yake alikuwa ameyaokota yale ya sukari zamani, kama kila msichana wa wakati ule, ila sasa aliyaimba taratibu, bila maneno.

"Sivyo," Shomari akasema kabla hajajizuia.

Mwanaamina alishtuka, akajitanda kanga. "Shikamoo, baba. Karibu. Sivyo nini?"

"Hapo ulipofika. Hapashuki hapo."

"Kumbe vipi, baba? Nifundishe."

Shomari alifungua kinywa. Alitafuta, akatafuta tena, huku binti yake akimngoja kwa adabu.

"Imba tu," akasema mwishowe, akaketi juu ya kigoda, akaugeuza uso wake upande wa njia.

Mwanaamina aliendelea kwa njia yake. Mtoto alikuwa amelala chali mapajani mwake, macho wazi, akisikiliza kana kwamba hapajawahi kuwa na mtu aliyeyasikia mahadhi yale kabla yake. Na Shomari, mtu mzima mwenye mvi, akamwonea wivu.