Ncha Nne za Mzee Shabani

Jambo hili huwa silisemi, na hata leo nikilisema masikio yananiwaka moto, lakini kwa vile mmeiona ile fimbo ya biliadi ukutani na mmeuliza kwa nini lazima nimwombe mke wangu ruhusa ya kuishusha, basi kaeni niwaambie, na anayetaka kunicheka anicheke mapema tumalizane.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa kijana wa Majengo, nafanya kazi kilabu cha Wazungu huko mjini, chumba cha biliadi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pointi na kupangusa fimbo za wenyewe, na kwa kupangusa tu nikajifanya profesa. Nilijua kwamba fimbo ya kale yenye thamani huitambui kwa kung'aa, unatazama pale mti mweusi wa kishikio unapoungana na mti mweupe wa mbele, ambapo kuna ncha nne nyeusi zinazopanda juu. Zikipishana kidogo kwa urefu, imeungwa kwa mkono na fundi wa zamani; zikilingana sawasawa, hiyo ni ya mashine, rahisi tu. Halafu unasoma kibao cha jina kwenye kishikio, la fundi au la mwenyewe. (Hili la kibao mlikumbuke, maana mimi nililisahau.)

Sasa, nilikuwa nampenda Zuhura, binti wa Mzee Shabani, seremala wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache mno. Wazee wangu walishapeleka posa na jibu lilikuwa bado, nami kila nikimwona mzee huyo njiani nilikuwa nasahau hata kusalimia vizuri. Jumapili moja baada ya alasiri niko kwenye ukumbi wa mtaa kule Kaloleni na rafiki yangu Odhiambo, karani wa manispaa, mara namwona Mzee Shabani anaingia, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga pale, na mkononi ana fimbo mbili, moja iko wazi na ya pili kishikio chake kimefungwa kitambaa. Akaziweka juu ya meza ya biliadi, akasema amesikia mimi Rajabu ni mjuzi, kwa hiyo nimwambie ipi ya thamani na ipi si kitu.

Nikajua huu ndio mtihani wa posa. Odhiambo akaninong'oneza nifungue kitambaa kwanza nisome jina. Nami nikamjibu kwa sauti, makusudi mzee asikie, kwamba mjuzi wa kweli hahitaji kusoma jina. Hapo ndipo nilipojiponza.

Nikainua ile iliyo wazi. Ncha moja ndefu, moja fupi, ya tatu imekwenda upande, nikafurahi sana, nikasema hii ni kazi ya mkono, ya fundi wa Ulaya, umri wake miaka hamsini haipungui. Nikachukua ile ya kitambaa. Ncha zote nne sawa, hata unywele hauzidi. Nikaiviringisha mezani ikaenda moja kwa moja bila kurukaruka, jambo ambalo fimbo rahisi haifanyi, na mtu mwenye akili zake angesita hapo.

"Mzee, hii ni ya mashine," nikasema. "Haijaguswa na mkono wa fundi. Mpe mama aanikie nguo."

Ukumbi mzima ukanigeukia, nami nikadhani wameduwaa kwa elimu yangu. Odhiambo akanikanyaga mguu, nikamwomba radhi (nilidhani ni mimi niliyemkanyaga). Watu wa reli waliokuwa wakicheza karata kwenye kona wakaweka karata chini, mmoja akageukia ukuta mabega yakimtetemeka, nikafikiri ana homa. Mzee akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa. Akauliza, na yule fundi wa ile nyingine? Nikasema nikimpata huyo nitambusu mikono, na yule wa ukutani akatoka nje mbio.

Ndipo Mzee Shabani akasema taratibu kwamba ile ya wazi ndiyo ya kwanza aliyoijaribu yeye mwenyewe, ikamharibikia, alikuwa anataka kuitupa. Akili ikanizunguka. Ikiwa ile aliiunga yeye, nikamuuliza, hii ya pili imetoka mashine ya nani?

"Mashine ndiyo mimi," akasema. "Fungua kitambaa."

Nikakifungua. Chini ya kitambaa kulikuwa na kibao kidogo cha shaba kilichochorwa vizuri: RAJABU. Nikakisoma mara mbili, kisha, Mungu anisamehe, nikageuka kumtafuta Rajabu mwingine mle ukumbini.

Mzee alikuwa ameiunga kwa miezi minne, kila akitoka kazini. Akaichukua mikononi mwangu, akaifunga tena kitambaa chake bila haraka.

"Nilikuja kukupa jibu la posa, Bwana Rajabu," akasema. "Naona umenipa la kwako."

Nilitoka pale sijui nashika njia ipi. Nilipofika Majengo habari ilikuwa imeshafika, Zuhura amefunga dirisha, na mama yangu ananiuliza ni nguo gani nilizotaka zianikwe. Ilibidi mama aende kwa kina Zuhura mara tatu kuomba msamaha, mara ya nne nikaenda mwenyewe nikalia mbele ya mzee, nalia kweli, sioni haya kusema, kwa sababu niliona Zuhura ananiponyoka hivi hivi kwa ajili ya mdomo wangu. Mzee akanitazama sana, akasema haya, nimekubali.

Tangu siku hiyo kitu cha mtu sikithamini kabla sijauliza kimetengenezwa na nani, na kama fundi mwenyewe yumo chumbani. Fimbo ile ililetwa siku ya harusi pamoja na vyombo vya bibi harusi. Kibao changu kilikuwa kimeng'olewa, matundu ya skrubu mnaweza kuyaona mpaka leo, na juu kidogo ya hapo kimewekwa kipya kilichoandikwa ZUHURA. Nikitaka kucheza namwomba, naye hanikatalii hata siku moja, ila huniuliza kwanza kama ni ya mkono au ya mashine.