Siku Niliyoacha Kuwa Mzigo

Mimi ni mtu wa barazani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kibanda cha chai hapa Gongoni, na nikirudi mke wangu huniuliza habari za ugenini. Kwa hiyo niliposema Jumapili nitakwenda Nzega kwa pikipiki na wanaume wa mtaani, kula nyama choma, alinishika paji la uso aone kama nina homa.

Sikufuata nyama. Nilimfuata rafiki yangu.

Yeye ni Mzaramo aliyehamia Tabora angali kijana, mimi Mnyamwezi wa hapahapa, na makabila yetu ni watani tangu misafara ya pembe ilipokuwa ikishuka pwani. Miaka yote ameniita Mzigo. Anasema babu zangu walitembea hadi baharini na pembe za ndovu mabegani, mimi nashindwa kulifikisha tumbo langu sokoni. Kila akinirudisha nyumbani hupiga honi getini na kumwita mke wangu: "Shemeji, njoo upokee mzigo wako." Nami humjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma huacha hata jeneza njiani. Ndivyo tulivyopendana.

Kisha mwanawe akamposa binti yangu, nasi tukaridhia. Tangu hapo rafiki yangu ananiita mkwe. Ananipa mkono huku ameinama kidogo. Kwao na kwetu mkwe ni mtu wa heshima, hilo nalijua, lakini nilidhani ni heshima ya sebuleni, mbele ya akina mama. Nikajiambia kwamba barabarani, kwenye vumbi na wanaume wenzake, atanitukana tu.

Asubuhi alifika na kitambaa, akanifutia kiti cha pikipiki. Ilinipasa nijue hapo hapo.

Tulikwenda kwa kasi, wenzetu mbele, miombo ikitupita pande zote mbili, nami nimeng'ang'ania vyuma vya nyuma kama kupe. Nzega tuliingia kibanda kimoja karibu na stendi, tukachagua mbuzi aliyening'inia, tukasubiri. Siku zote mimi hutupiwa mguu wenye kwato, chakula cha wapagazi. Safari hii mbavu zilipokatwa, aliwazuia wote wasiguse, akasogeza sinia mbele yangu. Aanze mkwe.

Mmoja wetu, fundi cherehani, Msukuma mwenye mdomo, akasema leo ni maajabu, Mnyamwezi kafika Nzega mikono mitupu na bado anahema. Meza nzima ikacheka, mimi wa kwanza. Rafiki yangu hakucheka.

"Huyu sasa ni mkwe wangu," alisema taratibu. "Mniachie."

Wakaniacha. Walihamia kwenye mpira na bei ya mahindi, na kila aliyetaka chumvi iliyokuwa mbele yangu aliniomba samahani kwanza. Nyama ilikuwa laini. Niliitafuna kama kiatu.

Wakati wa kuondoka nikajaribu mara ya mwisho. Nilimwambia, wote wakisikia, kwamba anavyoendesha, mtu angedhani kuna ngoma Tabora na Mzaramo amechelewa. Nilisubiri. Lile lilikuwa tusi zuri, nilikuwa nimelitunga tangu asubuhi mgongoni mwake.

Akavua kofia yake ngumu.

"Nisamehe, mkwe. Sikujua nakutia hofu. Nitapunguza mwendo."

Na kweli alipunguza. Wenzetu wote walitupita wakipiga honi. Hata mzee wa baiskeli mwenye gunia la mkaa alitufikia kwenye mlima, akanisalimu, akatupita. Shimo dogo likitokea, rafiki yangu aliligundua mapema, akalizunguka. Sijawahi kubebwa vizuri namna ile, na sijawahi kuichukia njia kiasi kile.

Tulifika Gongoni jua likizama. Mke wangu alisikia pikipiki, akatoka mwenyewe hadi getini na khanga mkononi, akasimama akingojea. Nami nikangoja, bado nimekaa kitini. Rafiki yangu alishuka, akamsalimu kwa upole, akasema tumerudi salama, anamshukuru Mungu. Kisha akanishika kiwiko kunisaidia kushuka.

Pikipiki ilipokata kona, mke wangu aliniuliza kama tumegombana.

"Bora tungegombana," nikamwambia.

Binti yetu akatokea mlangoni akitabasamu, akauliza baba mkwe wake hajambo, na safari ilikuwaje. Nikamwambia nyama ilikuwa laini sana.