Virumba vya Teodora

Kwa miaka kumi na moja Teodora Chenge alishona jezi za timu za mtaani pale Kirumba, Mwanza, kwenye kibaraza kilicho nyuma ya uwanja wa mpira. Kisha mitumba ikaingia kwa marobota. Jezi zikawa zinamwagwa chini kwenye turubai, zimeshaandikwa namba na majina ya watu wa Ulaya. Timu zikaacha kuja.

Mchana ukawa mrefu. Akajiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Siku moja alikwenda na lebo aliyoikata kwenye sweta la mtumba, akamwuliza Mwalimu Venant kwa nini limeandikwa Jersey, yaani jezi, wakati halichezewi mpira.

Mwalimu alivua miwani. Akaeleza kwamba Jersey kwanza ni kisiwa, kidogo kuliko Ukerewe, kati ya Uingereza na Ufaransa. Wenyeji wake walisifika kwa kufuma sufu, basi Waingereza wakaliita sweta kwa jina la kisiwa. Baadaye jina likahamia kwenye kitambaa laini kinachovutika, na kwenye fulana ya mchezaji. Hata ng'ombe wadogo wa maziwa wa huko wanaitwa hivyo hivyo.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nashona kisiwa?"

"Ulikuwa unakishona, mama. Tena na namba mgongoni."

Wiki nzima Teodora alikiona. Akifua ziwani, mawe yaliyo mbele yake yalisogea mbali kidogo, yakawa kisiwa. Wanawake walikaa juu yake wakifuma kimya, uzi ukining'inia hadi majini, na ng'ombe wa rangi ya asali wamelala miguuni pao.

Ndipo akaanza kununua masweta yaliyokosa wateja kwa sababu ya joto la Mwanza. Aliyafumua, akafua nyuzi, akazitia rangi ya kijani na kuzianika kwenye mawe. Kisha akafuma kwa sindano mbili, kama masista walivyomfundisha utotoni. Odeta, mwalimu mkuu wa shule mpya ya Kiingereza huko Kiseke, aliziona nyuzi zile akiwa njiani, akasimama. Watoto wa shule yake walikuwa wanatetemeka asubuhi kwa upepo wa ziwani. Akaagiza masweta ya shule nzima.

Mwanzo watu walisema sweta la Kirumba. Halafu kirumba tu. Kabla mwaka haujaisha, akina mama wa Ilemela walikuwa wakimwagiza virumba viwili viwili. Odeta akamwambia kwamba watoto wameshaliingiza neno hilo kwenye Kiingereza chao: vikiwa vingi wanaongeza s mwishoni, rangi ya kijani nayo ni kirumba, na kumfunika mwenzako aliyeshikwa na baridi ni kumkirumba. Mwalimu wao wa Kiingereza alisahihisha muhula mmoja, akachoka.

Teodora akaenda kusikia mwenyewe. Wakati wa mapumziko alimkuta msichana mmoja amekaa ngazini, mikono ya sweta imempita vidole. Akamwuliza, kwa Kiingereza chake cha Jumamosi, alichovaa kinaitwaje. Msichana akajibu bila kusita. Teodora akamwuliza jina hilo limetoka wapi.

Msichana alifikiri. Akasema huenda ni nchi ya mbali, yenye baridi sana.

Teodora hakumsahihisha. Alikaa naye ngazini, akauliza kama nchi hiyo ina ziwa.

"Lazima litakuwepo," msichana akasema, akamsogelea.