Tulivyopata kibali cha kuweka bafu na choo ndani ya nyumba ya kale ya bibi yangu, Kisarawe

Wakuu salaam, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuchangia pia nawaona.

Hii si habari ya rafiki wa rafiki. Nyumba ni ya ukoo wetu, bibi ni wangu mimi, aliyemzaa baba yangu, na kibali chenye muhuri kipo. Naandika nikiwa na maringo kidogo, mtanivumilia.

Mimi ni mwanamke, naishi Picha ya Ndege, Kibaha, na nina duka la tiles pale Maili Moja. Mjue kabisa kwamba anayeandika hapa ni mtu ambaye akiingia kwako anaangalia sakafu kwanza, salamu baadaye.

Nyumba ya bibi iko Kisarawe. Aliijenga babu yake babu yangu, enzi zake akifanya biashara ya korosho. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani mtoto anakaa akala ubwabwa wake bila kuanguka. Dari ni boriti za mikoko.

Miaka ya nyuma iliorodheshwa kuwa jengo la kale linalolindwa. Maana yake nyumba ni yenu, kaeni, ila msibadilishe kitu hata ndani bila kibali.

Hatukuwahi kujali. Nani alikuwa na shida ya kubadilisha?

Mpaka bibi alipoanguka uani akavunjika nyonga.

Alitibiwa, akatoka hospitali akiwa kwenye kiti mwendo. Choo kipo mwisho wa uani, unashuka ngazi. Milango ya ndani kiti hakipiti. Nikamchukua kwangu Kibaha, ambako choo ni cha ndani na tiles zimepanda mpaka darini.

Wakuu, bibi yangu alinyong'onyea. Chakula anaonja tu. Utani wote ukaisha. Huyu ni bibi ambaye tangu utoto wangu ananiita mke mwenzangu na kunituhumu namwibia mume, sasa anakaa anaangalia ukuta.

Siku moja akaniambia, "Mjukuu wangu, mie hapa mgeni. Nyumba ile nimeingia bi harusi. Nirudishe kwangu."

Hapo ndipo nikajua sina ujanja. Ama tubadilishe nyumba, ama bibi afie ugenini kwenye tiles zangu nzuri.

Ikaitwa kikao cha ukoo. Baba mdogo, ndiye mkubwa wa familia kwa sasa, akasema mambo ya vibali ni kupotezeana muda. Tuanze kwanza, kibali kitafuata nyuma. Mnaijua hiyo lugha, nusu ya Tanzania imejengwa nayo.

Akaleta fundi. Fundi akabandua chokaa ukuta mzima wa ukumbini, akaanza kupiga plasta ya simenti ili baadaye apanue mlango.

Kazi haikufika mbali. Mtendaji alipewa taarifa, na maofisa wa majengo ya kale wakaja kusimamisha kila kitu. Wakaacha notisi ya karatasi. Hawakupaka ile X nyekundu ya bomoabomoa tuliyoizoea barabarani, maana hata wao hawaruhusiwi kuchafua ule ukuta!

Baba mdogo akasusa. Mzigo ukanidondokea mimi.

Nikaenda ofisini nimejiandaa kwa "njoo kesho." Nikakuta afisa wa kike, mdogo kwangu, mpole, lakini hayumbi. Nikamuwekea mchoro wangu: vunja hapa, panua pale, tiles kila mahali.

Akaangalia, akaniambia, "Dada, hapa umechora duka lako."

Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Nilitoka pale nimenuna mpaka Maili Moja.

Lakini yule binti alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuja mwenyewe Kisarawe, akapima na tepu chumba kwa chumba. Akatueleza sharti moja likaniingia akilini: chochote tutakachoweka, siku moja kiweze kutolewa bila kuacha kovu kwenye nyumba. Simenti hapana. Kukata kuta kupitisha mabomba hapana.

Kwenye milango alituaibisha kidogo. Ile milango ni ya mabawa mawili. Sisi tangu tuzaliwe tunatumia bawa moja, la pili limefungwa komeo na makabati yameegemezwa. Akasema, "Hamisheni makabati." Tukahamisha, tukatia mafuta kwenye makomeo, mabawa yakafunguka yote. Kiti mwendo kikapita na nafasi ikabaki.

Ikabaki bafu na choo. Maji yatatokea wapi bila kutoboa ukuta?

Akafika chumba cha nyuma. Sakafu ya mawe, imelala kidogo upande mmoja, ina mfereji na tundu la kutolea maji nje. Akafurahi kabisa. "Na hiki chumba mnakitumia kwa kazi gani?"



Baba mdogo, ambaye alikuwa amekuja kusimama mlangoni kama hayumo, akakohoa. "Humo tunaoshea maiti zetu."

Ndivyo ilivyo, wakuu. Kila aliyefariki kwenye ukoo wetu ameoshewa mle. Siku nyingine chumba kinafagiliwa na kufungwa.

Yule afisa akaomba radhi. Akasema kwa upande wake hicho ndicho chumba pekee anachoweza kukiombea kibali, ila uamuzi ni wetu wenye nyumba.

Kikao kikawaka moto. Baba mdogo akasema, "Mtu yuko hai mnampeleka kuoga kwenye chumba cha maiti? Huko si kumwitia kifo?" Shangazi zangu wakamuunga mkono. Wakakubaliana bibi asiambiwe kabisa, atashtuka.

Mimi nikarudi Kibaha nikamwambia. Nyumba ni yake, mwili ni wake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Humo nimemwosha mama mkwe wangu kwa mikono hii. Babu yako kaoshwa humo. Ndicho chumba kisafi kuliko vyote mle ndani. Na mie siku yangu ikifika mtaniosha wapi, dukani kwako?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Ndiyo mara ya kwanza ananitania tangu aje kwangu.

Ila akatoa sharti. Siku ukoo ukipata msiba, hivyo vyombo vyenu viondolewe, chumba kirudi kwenye kazi yake. Nikayafikisha maneno yake kwenye ukoo, wakakubali.

Wakuu, si mnaona? Sharti la bibi na sharti la ofisi ni kitu kimoja! Nikachora upya. Sinki la choo limekaa juu ya jukwaa la mbao linalonyanyulika. Bomba linapita kwenye tundu lilelile la mfereji mpaka shimo jipya, mbali na msingi. Vyuma vya kushikilia vinasimama kwa miguu yake, havijagusa ukuta. Hakuna tile hata moja. Mimi, muuza tiles!

Kibali kikatoka. Afisa akaniambia mchoro wangu atawaonyesha na wengine wenye nyumba za aina hii. Nilitembea pale nje kama nimeshinda ubunge.

Simenti ya baba mdogo tuliibandua taratibu, ukuta ukarudishiwa chokaa. Alisimamia mwenyewe na hakuna aliyemtania, isipokuwa mimi.

Siku bibi anarudi majirani walijaa. Akapita milango yake yote mwenyewe, anasukuma magurudumu kwa mikono. Akataka kuoga. Mimi na shangazi zangu tukaingia naye wote, huyu kashika ndoo, huyu kanga, huyu sabuni, tumemzunguka.

Akatutazama mmoja mmoja. "Tokeni nje. Siku ya kuoshwa na nyie haijafika."

Tukatoka. Tukasimama mlangoni tunasikia maji yanamwagika na yeye anaimba kidogokidogo. Baba mdogo alikwenda kusimama uani peke yake akifuta macho.

Nilichojifunza: usianze kubomoa kwanza. Mwite mwenye sheria aione nyumba kwa macho yake, na muulize mwenye nyumba kabla hamjamwamulia yanayomtisha. Sisi watu kumi tuliogopa kwa niaba ya mtu ambaye hakuwa anaogopa.

Wenye nyumba za kale Bagamoyo, Kilwa, Tanga, nyie mlifanyaje? Na kama unaona tulikosea kutumia kile chumba, sema pia, sitanuna. Ukitaka mchoro nitautuma, nauonea fahari.

Bibi yangu anaoga kwake.