Mstari wa mfalme uliompoteza Kabwe, kambi ya Shituru

Wakuu, salamu toka Likasi. Haya niliyaona kwa macho, na sehemu moja niliifanya kwa mkono wangu. Shule niliishia ya tano primaire, munivumilie.

Juzi mwenzetu aliuliza maana ya mistari katika tragedie za kale za wafalme, ile michezo ya kuigiza yenye mwisho mubaya. Mulimujibu kama waalimu. Minye namujibu kama muntu aliyevaa taji.

Ilikuwa enzi ya chama kimoja. Nilikuwa soudeur, muunga vyuma, katika usine ya Shituru, kiwanda cha shaba. Jirani yangu Kabwe, karani wa magasin ya vifaa, alikuwa na kitabu kikuukuu cha tragedie, mwanzo umepasuka, hata jina hakina. Ndani yake mfalme anaua ndugu yake, anakalia kiti chake.

Kabwe alikigeuza Kiswahili, akanifundisha maneno ya mfalme kwa masikio tu, tuyaigize mbele ya watu. Tunakaa mbele ya nyumba, moshi wa usine unapita juu polepole, na minye najiona natembea katika nyumba ya mawe isiyo na mwisho.

Mstari mmoja ulinishinda. Mfalme anatazama kiti, anasema: “Kiti hakijui nani amekikalia. Watu wanajua, nao wamenyamaza.”

“Maana yake nini, yaya?” nikamuuliza, maana alikuwa kaka kwangu.

Kabwe akacheka. “Maana yake anaogopa. Muntu hana woga atazungumuza na kiti?”

Basi dimanche moja, misa ilipoisha, sale ya kampuni, ule ukumbi mukubwa, ikajaa watu waliokuja kuona mchezo wetu. Mbele kabisa alikaa Citoyen Mukalay (“raia”, ndivyo tuliitana wote wakati ule), mobilisateur wa chama, abacost mpya, lile koti la watu wa chama, miguu ameinyoosha.

Hapa muelewe kitu. Kila asubuhi kabla ya kazi tulifanya animation: tunaimba na kucheza sifa za mukubwa wa inchi. Kiongozi akishusha mkono, wote makofi matatu. Mwili ulizoea hata kichwa kikisinzia.

Nikasema ule mstari. Nikashusha mkono.

Sale nzima ikasimama. Pa! Pa! Pa!

Hakuna aliyecheka. Nyuso zilikuwa laini kama za wenye kulala, zote zinanitazama, na mwanga wa dirisha umejaa vumbi la dhahabu. Dakika ile nilikuwa mfalme kweli. Nasema ukweli: nilipenda.

Kesho yake Mukalay akatuita bureau.

“Ule mufalme muuaji ni nani? Mulipigia nani makofi?”

“Ni wa mu kitabu, Citoyen,” Kabwe akajibu.

“Bongo, uongo mutupu! Kila muntu anajua ni Mukubwa wetu!”

Kabwe akamutazama kwa upole. “Citoyen, iyo jina njo weye umeitaja. Shiye hatukuitaja.”

Karani wa bureau aliyekuwa akipiga mashini akainua macho.  Mukalay alikuwa amemwita mukubwa wa inchi muuaji, neno la kumuua yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi. Sasa alihitaji karatasi inayoonyesha mwingine alilisema kwanza.

Akanigeukia. “Weye, soudeur. Bibi yako iko na mimba, si ndiyo? Na nyumba ni ya kampuni. Nani alikufundisha ile maana?”

Nikasema: Kabwe.

Nikaweka kidole kwenye wino, nikakibonyeza kwenye karatasi yao.

Walimuchukua palepale. Bibi yake na watoto walitolewa nyumbani, wakaenda kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele. Kabwe hakurudi. Mara nyingi usingizini namuona ng'ambo ya lile ziwa, anafungua midomo, sauti haifiki.

Mukalay alizeeka vizuri. Alipokufa alizikwa kwa fanfare, tarumbeta na ngoma, na wengi wenu wa huku mulikula kwenye matanga yake.

Nilichojifunza: mstari wa tragedie haumuumi muntu. Angalia yule anayekulazimisha utoe maana, na angalia zaidi yule anayeitoa.

Changieni, wakuu, hata kwa matusi. Lakini kama mutoto wa Kabwe anasoma hapa, yeye azungumuze kwanza. Mulikua mukiambiwa baba yenu alimutukana mukubwa wa inchi. Hakumutukana. Lile neno alilisema Mukalay, na minye nikamubebesha baba yenu.