Vidole vya Baba kwenye Picha Yangu

Kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya masista, Kolwezi, enzi za Wabelgiji, kulikuwa na ukuta mzima wa picha: masista wa shirika letu tangu wale wa zamani kabisa, kila mmoja ndani ya fremu yake, midomo imefungwa kama waliokatazwa kuonja mchuzi. Ndiyo ilikuwa sheria: sista hacheki kwenye picha. Mimi, binti wa mchimba shaba aliyetoka Kasai, nilikuwa novisi mweusi wa kwanza kupigwa picha ya ukuta ule. Nilijiona sana, nisidanganye.

Taabu ilikuwa baba. Mwaka wa unovisi hukutani na ndugu, na yeye kule kambi ya wachimbaji alishaamini kwamba tunalazwa njaa, bila hata bukari, ule ugali wetu. "Nione uso yake," aliwaambia masista. "Kama iko na huzuni, nitamurudisha nyumbani." Na bila ruhusa yake nisingeweka nadhiri. Basi Mama Mkubwa, mkuu wa nyumba yetu, akamtumia nakala ya picha yangu.

Aka! Mzungu aliyeipiga alizoea masista weupe. Alipima mwanga kwa ile kanzu nyeupe, na kanzu ilitoka safi ajabu, kila kunjo, hata vumbi la Kolwezi halikuonekana. Juu yake, giza tupu. Hata pua sikuwa nayo.

Kesho yake baba alikuwa getini, picha mkononi, amekuja juu. Nilimsikia toka jikoni: "Mulinitumia nguo! Mutoto yangu iko wapi?" Sikujua nicheke au nilie. Niliogopa kweli, maana nilimjua: angeweza kubeba sanduku langu siku ileile.

Mama Mkubwa hakubishana. Aliagiza mpiga picha wa mtaani, tata mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee, aliyepiga harusi zote za kambi. Huyo akaniketisha uani, akasema uso wangu unataka mwanga wa kurudishwa: mtu asimame karibu nami, ashike shuka jeupe lirudishe jua usoni.

"Nani ashike?"

Mama Mkubwa akamtazama baba. "Tata huyu hakuja kutembelea mtu," akasema. "Amekuja kushika shuka."

Baba akashika. Miezi minane sikuwa nimemwona. Alinitazama kuanzia viatu mpaka shela, akakunja uso, akasema: "We mutoto, umenenepa! Bukari yote ya basista unamaliza weye!"

Nilicheka meno yote nje, na kamera ikalia.

"Basi," baba akasema. "Abakie."

Picha ile ilitundikwa ukutani, ndiyo pekee yenye meno. Pembeni kushoto, vidole vinne vya baba vinaonekana vimeshika shuka. Mama Mkubwa alitaka kuvikata kwa mkasi kabla ya kuitia fremu. Nikamwambia akivikata, nami nafunga sanduku langu.