Malakwang ya Aluoch

Aluoch alikuwa na miaka arobaini na sita, muuza mitumba wa soko la Nakawa, Mjaluo wa Kisumu, na wanaume wawili walikwisha pita maishani mwake. Ondiek alihama bila kuaga. Wanjala aliaga, tena kwa maneno matamu, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi.

Sasa alikuwapo Ocira, mlinzi wa benki, Mwacholi mwenye sauti ya taratibu. "Huyu ndiye wa kuzeeka naye," Aluoch alijiambia, na tangu siku hiyo usingizi ukamhama. Asiye na kitu hulala. Mwenye nacho huchunga.

Jumapili moja mama yake Ocira, Mama Ayoo, mjane wa mwanajeshi, alikuwa aje Kyebando, alikopanga Aluoch, kumwona. Kwao mke hupimwa jikoni, na mama huyu kipimo chake kilikuwa malakwang, majani machachu yanayopikwa kwa odii, yaani karanga na ufuta vilivyosagwa vikalainika. Aluoch hakumuuliza mtu. Kijaluo na Kiacholi si ndugu? Basi na vyungu ni ndugu. Akamimina maziwa juu ya majani, kama Wajaluo wanavyopika mboga chungu.

Maziwa yakakatika papo hapo, yakaelea mabonge mabonge.

"Hodi hapa!"

Aluoch akafunika chungu. Afiche? Amwage? Amwage wapi? Mama Ayoo alikwisha ingia na mwanawe, akafika jikoni, akainua kifuniko.

"Eh! Binti, hii mboga ama ndama ametapika?"

"Kosa ni langu, mama," akasema Aluoch, shingo imesimama. "Majani mengine yapo."

Mama Ayoo akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua saa yake. "Lete. Chemsha, mwaga maji yenye uchachu, ndiyo utie odii, polepole. Utajua tu. Hata wale wawili nilifundisha mimi, wakajua."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Aluoch. "Wawili gani, mama?"

"Wake zake. Hakukuambia?"

Ocira, pale kwenye kiti, akainama kufunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa. Halafu akanyanyuka.

"Nakwenda kuleta soda."

Aluoch akamzuia. "Soda ipo. Kaa, baba. Chakula hakijaiva, na mpaka kiive utakuwa umeniambia wako wapi, na nani alimwacha nani."

Mama Ayoo akachambua majani. Ocira akakaa ukingoni mwa kiti. Aluoch akaanza kukoroga tena, macho hayabanduki usoni pa Ocira.